Mkeka Ndani ya Uzio

Machi 18, Jumanne

Kwa dadangu Zubeda, Vanga. Shikamoo dada, tena shikamoo. Nakuamkua mimi mdogo wako Ummulkheir, na baada yangu anakuamkua Babu, miguu bado yamsumbua lakini saumu hajaiacha hata moja. Anakuamkua Khamis wangu, asema shikamoo mama mkubwa na usimsahau kwa dua. Anakuamkua Jalila, yuko skuli, amerefuka mpaka amenipita. Anakuamkua Aqil, kitindamimba, aliyefunga nusu siku na ataka asifiwe kama waliofunga mwezi. Nyevu, jirani yetu wa ukuta mmoja, asema ule ukili wa kusukia mikeka uliompa umeshaisha na atakuja tena kuufuata. Na sisi sote twataka kujua hali yako, na hali ya masikio, na kama ile dawa ya hospitali imefaa au imekuwa maji tu.

Dada, simu husikii, na maandishi ya simu wasema ni chawa watembeao. Basi nimechukua daftari la Jalila lililobaki kurasa. Nitaandika humu masika yote, kidogo kidogo, kisha Nyevu akija huko atakuletea. Mimi niliishia darasa la nne, utanisamehe.

Habari kubwa ni hii: nimepata kazi. Ni Mansur aliyeniingiza, mkwe wako, Mwenyezi Mungu amlipe. Yeye ndiye msimamizi wa upande wa kupanga katoni pale kiwanda cha sabuni, Miritini. Khamis yuko chini yake tangu mwaka jana, na sasa nami nafagia. Asubuhi twatoka Changamwe pamoja, mama na mwana, kama wanafunzi.

Leo ndiyo siku ya kwanza na mpaka sasa moyo haujakaa. Kuna mkono pale. Si mkono wa mtu, ni wa chuma, wa manjano, umepita mlango wa msikiti kwa urefu, umesimama peke yake ndani ya uzio wa wavu. Unanyakua katoni nne kwa mara moja, unageuka, unazipanga juu ya jukwaa la mbao, unarudi kuchukua nyingine. Hakuna mtu anayeushika. Nilisimama na fagio langu nikasahau kilichonileta. Mzee Rashid, afungaye katoni, akaniambia, "Mama Khamis, usiutazame sana, utakuja kukuposa."

Machi 20

Leo nimeambiwa nifagie ndani ya uzio. Nilikataa. Nilisema mimi na ule mkono hatujazoeana.

Ikabidi aitwe fundi wa mitambo, leo alikuwepo. Ni mwanamke, dada. Kijana, kwao Nakuru, jina lake Linda, amevaa suruali na viatu vya chuma, na mchana wa Ramadhani yuatafuna bigijii mbele ya watu wote. Sikumpenda. Lakini alinishika mkono akaniambia nitazame juu ya mlango wa uzio. Pana kitu cheusi, kikubwa kama kiberiti. Akaingia ndani hatua moja tu, na ule mkono ukaganda hewani na katoni zake nne. Nilipiga yowe, watu wakacheka.

Akanieleza. Kile ni jicho. Halijui sura ya mtu wala jina lake, lajua mwendo tu. Kitu chochote kikitikisika ndani ya uzio, mkono wasimama papo hapo. Na mtu akitoka, mkono hauamki wenyewe. Lazima mtu azunguke mpaka upande wa pili, pahali anapoona uzio wote mpaka pembeni, atazame kwa macho yake, ndipo abonyeze kitufe cha kijani.

Nikamuuliza kwa nini jicho lisiamshe mkono lenyewe likishaona mtu ametoka, watu wapunguziwe mwendo.

"Kwa sababu halijui kama umetoka, mama. Linajua tu hutembei. Ukikaa kimya humo ndani, kwake haupo. Kazi yake ni kuzuia. Kuruhusu ni kazi ya mtu."

Nimefagia. Mgongo wote ulikuwa wasisimka, lakini nimefagia.

Machi 25

Mvua ya kwanza. Bati lavuja juu ya kitanda cha Babu.

Machi 27

Mvua siku tatu. Kile kibanda cha kusalia kilicho nyuma ya kiwanda kimeingia maji ya mtaro, maji meusi yenye mafuta na uchafu wa chooni. Wanaume wamesimama wamekunja suruali, hawajui pa kuweka paji la uso. Na hili ni kumi la mwisho la Ramadhani, dada. Nilitaka kulia.

Ndipo nikafikiri. Pahali pakavu kuliko pote ni ndani ya uzio. Hapaingii buti, hapaingii toroli, nami napapiga deki kila siku kwa maji safi. Na mtu akiingia tu mkono unasimama, basi hatari iko wapi? Nikatoa mkeka wangu ule wa ukili ulionisukia mwenyewe, nikautandika pembeni, karibu na jukwaa la mbao. Mansur alipouona akasema, "Mama mdogo, wewe umetuokoa." Akatangulia, akawasalisha. Mkono ulisimama juu yao kama nao umehudhuria.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Machi 31

Idi. Mikate ya sinia miwili imetoka vizuri, mmoja umeungua. Mansur na Nusaiba wako walikuja. Mimba ya Nusaiba miezi sita, Mashaallah. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, wewe huwezi kusafiri, basi arobaini yake ya uzazi nitamtunza mimi.

Aprili 3

Linda amerudi kukagua mitambo. Ameuona mkeka. Hata salamu hakunipa.

"Mama, toa hiki kitu hapa."

Kitu. Mkeka wa kusalia, dada. Nilimjibu kwamba kwao huenda ni kitu, kwetu hukanyagi na viatu. Akavua kofia yake ngumu, akasema hakukusudia dharau, ila ndani ya uzio hapakai mtu, awe anasali au analala, na kwamba atamwambia msimamizi. Nilikunja mkeka nikaondoka nao bila kumuaga. Nikamsema njia nzima. Khamis akaniambia, "Mama, lakini yule ndiye anayeijua mashine." Nikamwambia nawe nyamaza.

Aprili 4

Linda ameenda zake. Mkeka nimeurudisha.

Aprili 7

Mvua. Aqil akohoa.

Aprili 9

Leo ofisi ya juu wamemwita Mansur. Wao wana kompyuta inayoonyesha mkono umefanya kazi dakika ngapi na umelala dakika ngapi. Wameuliza kwa nini kila adhuhuri na alasiri mkono walala nusu saa. Ukweli ni kwamba watu wakimaliza kusali wanatoka, kila mmoja adhani mwenzake atazunguka kubonyeza kile kitufe cha kijani, na mkono unabaki umesimama mpaka mtu akumbuke. Mansur aliogopa wakijua sababu watakataza watu kusali humo, na kibanda bado kimejaa maji.

Baada ya chakula akaniita kwenye kabati la nyaya. Ndani giza, akaniomba nimshikie tochi ya simu. Akafungua, akabonyeza vidude kwenye kioo kidogo, akafunga. Akanieleza kwa furaha: sasa hakuna haja ya kuzunguka. Watu wakitoka, jicho litahesabu ishirini bila kuona mwendo, na mkono utarudi kazini wenyewe. Ofisi hawatauliza tena.

Nilimwambia, je, yule Linda hakusema vingine? Akasema Linda ni mtu wa vitabu. Kisha anayesali ainuka, ainama, asujudu, haishi kutikisika.

Nikaona amesema kweli. Nilimwombea dua.

Aprili 12

Imekwenda vizuri siku tatu. Mansur amesifiwa.

Aprili 15

Mvua, mvua, mvua.

Aprili 19

Sikuandika siku mbili.

Juzi Alhamisi, saa kumi na nusu jioni. Wenzake walikuwa wameshasali. Khamis alichelewa, alikuwa akipakia lori, akatawadha mbio akaingia ndani ya uzio peke yake. Mkono ukasimama kama kawaida. Mimi nilikuwa nje ya mlango nakamua deki. Nilimwona akisali nikafurahi, maana yuasali kwa utulivu. Huyo nilimfunza mimi mwenyewe, akiwa mdogo kama Aqil. Nilimwambia usisali kama kuku adonoaye mtama, ukisujudu tulia, mwambie Mola wako haja zako zote ndipo uinuke.

Akasujudu ubavuni mwa jukwaa, pale katoni zishukapo, akatulia.

Nilisikia mlio. Ule mkono ukiamka hutoa mlio kama mtu avutaye pumzi. Kabla sijaelewa nasikia nini ulikuwa umeshageuka na katoni zake nne, ukashuka, ukaziweka juu ya mwanangu. Uliziweka polepole, dada. Uliziweka juu ya bega lake na mgongo wake vile vile uziwekavyo juu ya mbao, na ukasukuma zikae sawa.

Sijui niliingiaje. Najua fagio lilikuwa bado mkononi. Nilipovuka mlango tu, jicho likaniona mimi, na mkono ukaganda. Uliganda pale pale juu yake, haukushuka zaidi na haukuinuka. Alikuwa amelala chini yake kifudifudi, uso umenigeukia, ananiita mama. Nikapiga magoti nimshike. Na hapo ndipo akili ilinijia kama nimemwagiwa maji: nikitulia hapa nimemkumbatia, litahesabu ishirini. Kwake hatutakuwepo, mimi wala yeye. Litamaliza kazi.

Nikasimama.

Dada Zubeda, mwanangu ananiita mama nami simshiki. Nilivua leso nikaipunga. Nilipiga miguu, niliruka, nilirusha fagio huku na huku, nilizunguka ule mkeka kama mwenye pepo, na kila nilipotua nilimwambia, "Niko hapa, niko hapa." Nilipaza sauti wabonyeze chekundu, kile cha kuua mashine kabisa. Kiko upande wa pili na njia ilizibwa na katoni. Mzee Rashid, na umri wake ule, alipanda juu ya katoni akatambaa kwa tumbo. Nilisikia viatu vyake vikitua upande wa pili, halafu nikasikia kila kitu kimekufa.

Ndipo nikakaa chini nikashika kichwa chake.

Mkono haukuweza kuinuliwa. Walizipasua katoni kwa visu wakatoa sabuni mche mmoja mmoja mpaka nafasi ikapatikana wakamvuta. Mansur alitoa sabuni na wenzake, alikuwa akilia mpaka kamasi zamwagika.

Yuko hai. Bega la kushoto limesagika, mbavu tatu zimevunjika. Daktari asema mkono wa kushoto hana hakika nao.

Aprili 20

Amelala. Nimekaa kwenye kiti. Nikifumba macho nauona ukishuka polepole.

Aprili 22

Amekunywa uji vijiko sita. Vidole vya kushoto nimevifinya, hasikii.

Aprili 26

Linda amekuja hospitali. Nilipomwona mlangoni nilitamani ardhi inimeze. Alikuja na machungwa, akaniamkia shikamoo kwa taratibu kama amejifunza njiani, akakaa karibu na Khamis akamuuliza habari za vidole kimoja kimoja.

Baadaye, ukumbini, akaniambia hana kazi. Ofisi wamesema jicho lilipangwa vibaya na yeye ndiye aliyelipanga, maana saini ya mwisho katika kitabu cha ukaguzi ni yake. Afisa wa serikali wa usalama kazini ameifunga mashine, na atahoji watu Mei sita.

Hakunisema kwa ule mkeka. Nilingoja anisute, hakunisuta. Akanieleza tu, kama siku ile ya kwanza, kwamba yako macho mengine yanayotuma mawimbi yasiyoonekana, yaweza kuona kifua cha mtu kikipanda na kushuka, hata akilala, hata akisujudu, na aliwahi kuyaombea ofisini. Lakini hata hayo, asema, hayatoshi kuachiwa kuamsha mashine. Mpaka mtu atazame kwanza.

Nilimuuliza kama anajua nani alibadilisha. Akasema kabati lile lina funguo mbili, mmoja wake na mmoja wa msimamizi, na kwamba hawezi kusema asichokiona kwa macho yake.

Mimi nilikiona. Nilikimulika.

Aprili 29

Jana Mansur na Nusaiba walikuja nyumbani. Nusaiba amevimba miguu. Mansur amekonda, suruali yamwanguka. Hakugusa kahawa. Alizunguka sana kwa maneno, mara hospitali, mara mvua, mpaka nikamwambia aseme.

Akasema alifanya vile watu wasali. Hakulipwa, hakutaka cheo, na Mungu ni shahidi. Nami najua ni kweli, dada, nililia naye. Kisha akaomba nisitaje kabati. Yule msichana hana mtoto, atapata kazi pengine, mafundi watafutwa kila pahali. Yeye akitajwa ni kufukuzwa na pengine mahakama, na mtoto wa Nusaiba azaliwe baba yuko jela ya Shimo la Tewa.

Nikaanza kukusanya vikombe. Akaona sijaahidi.

"Mama mdogo," akasema, chini kabisa, "mkeka uliutandika wewe. Na tochi ulishika wewe. Ukinitaja mimi umejitaja mwenyewe."

Nusaiba alikuwa akitazama sakafu. Sikuamini kwamba ni Mansur yule yule, anayeninyanyukia kila niingiapo. Na papo hapo niliona ndiye yule yule hasa, mtu mwema aliyeingiwa na hofu, na hilo lilinitisha kuliko angekuwa mwovu.

Mei 1

Sikulala. Babu asema damu haiwi maji. Nyevu asema hata maji ya mtaro yalianza yakiwa maji safi.

Mei 3

Nimemweleza Khamis yote, mkeka, tochi, maneno ya Mansur. Niliogopa kumtazama. Nilimwambia yeye ndiye aliyeumia, basi aamue yeye.

Akanigeuzia uso.

"Mama, sema yote," akasema. "Ukipunguza, watairudisha ilivyokuwa. Na atakayeingia kusujudu siku hiyo ana mamake."

Hakuniambia amenisamehe. Sikumuuliza.

Mei 6

Nimerudi sasa hivi, buibui bado limelowa.

Afisa ni mtu mzima, mtu wa Kwale, alinipa kiti na maji. Nilimwambia aandike polepole maana nami nitasema polepole. Nikasema mkeka ni wangu na niliutandika mimi. Fundi Linda aliniambia niutoe, nikautoa, na alipoondoka nikaurudisha. Nikasema tarehe tisa Aprili Mansur alilifungua kabati kwa ufunguo wake, akafanya mashine ijiamshe yenyewe kwa kuhesabu ishirini, na mimi ndiye niliyemshikia tochi. Nikasema kwa nini alifanya. Hilo nilimwomba aliandike lote, lisipungue: kwamba kibanda kilijaa maji machafu tangu mwezi wa tatu na ofisi hawakukitazama, na kwamba Mansur alitaka watu wasali. Akaandika. Akanisomea. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimejitia lawamani na mimi. Nikasema naelewa. Nikaandika jina langu kamili, na nilichukua muda.

Nilipotoka, Mansur alikuwa kwenye benchi nje, akingoja zamu yake. Aliponiona alinyanyuka kunipisha, kama desturi yake. Kisha akakumbuka. Akabaki amesimama vile vile, hakukaa wala hakuondoka, nami nikapita mbele yake. Linda amesafishwa jina lake, hilo nimelisikia mlangoni. Mimi kazi sina. Mansur sijui.

Dada, najua Nusaiba ameshakufikishia maneno yake, na ni haki yake, ni mumewe. Ndiyo maana sikurarua hata ukurasa mmoja wa daftari hili, hata ule niliouandika kwa furaha ya ujinga. Soma yote ndipo unihukumu. Mwanangu sijui kama atashika tena kijiko kwa mkono wa kushoto. Mwanao amebakiwa na wiki saba azae, na niliahidi kumkanda na kumwosha arobaini nzima. Sasa sijui kama atafungua mlango akiona ni mimi.

Nyevu anaondoka alfajiri na daftari hili, atalala kwako usiku mmoja tu. Usimwache arudi mikono mitupu. Kama bado mimi ni mdogo wako, mwambie Nusaiba anipokee, nami nijue nianze kutafuta mafuta ya kumkandia. Na kama sivyo, niandikie hilo pia, kwa mkono wako mwenyewe, na uliandike upesi. Kungoja siwezi.